Mashine kwenye Kilio cha Lukusa

Baba yangu aliweka karatasi zote za nyumba katika sanduku moja. Mwaka tisini na tatu, walipotufukuza sisi watu wa Kasai hapa Kolwezi kama mbwa, sanduku lile lilinyakuliwa kituoni, treni ikiwa tayari kuondoka. Tuliporudi, hakuna aliyetaka kusikia kwamba tuliwahi kuwa na mlango. "Lete karatasi." Maneno hayo yananichoma hadi leo. Basi kampuni ya madini ilipoanza kupaka misalaba myekundu ya bomoabomoa kwenye kuta zetu, upande huu wa mgodi wa Mutoshi, niliacha kwanza kupiga kelele barabarani, nikajenga mashine.

Si jambo kubwa. Kompyuta kuukuu ya ofisi yenye diski mbili, moja ikinakili kila kinachoingia kwenye nyingine. Ruta ndogo isiyo na intaneti yoyote. Betri ya gari, maana umeme wa bwawa la Nzilo unapita juu ya vichwa vyetu kwenda mgodini, sisi tunabaki na waya wa kutazama. Hakuna shule iliyonifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu. Majirani wakawa wanakuja na simu zao, wanajiunga na wifi, wanaacha picha za kuthibitisha nyumba zao: nyufa, misingi, mparachichi alioupanda bibi. Simu, walinzi wa kampuni waliweza kuipekua. Mashine hawakuijua. Niliificha kwa Charlotte, fundi wa kushona, nyuma ya vitambaa vyake, kwa sababu mumewe Lukusa alikuwa rafiki yangu na hakuwa mwoga.

Kisha tingatinga la kampuni likamwangushia Lukusa ukuta wa ua wake mwenyewe.

Kampuni ilisema amefia shimoni, akiiba madini. Lakini Charlotte alikuwa amepiga video kupitia dirisha. Ukuta unaonekana, dereva anaonekana, pazia la maua linaonekana pembeni, na sauti ya Charlotte inalia: "Lukusa, toka! Toka!" Aliituma kwenye mashine, akaifuta kwenye simu yake kabla walinzi hawajaingia. Kwa hiyo ilikuwa humo tu, na yeyote ambaye angeiona angejua imepigwa na nani. Vijana wawili waliowahi kupiga picha kule mgodini, mpaka leo mama zao wanawatafuta. Niliifungia kwenye folda yenye neno la siri. Tuliolijua ni mimi, Charlotte na Annie, dada ya marehemu.

Kilio kikaanza. Bashi, turubai la kivuli, likafungwa uani, wakubwa wa ukoo wakafika kutoka Mbuji-Mayi. Kila mtu alitaka picha ya Lukusa ya kuchapisha kwenye tisheti ya mazishi. Nikafungua folda nyingine, wazi kwa wote, nikabandika mlangoni mot de passe, neno la kuingilia wifi. Kilio hakimuulizi mtu jina. Anayekuja kulia anapewa kiti.

Ndivyo Stany alivyopata kiti.

Stany alizaliwa mtaa wetu, avenue hii hii. Leo ndiye anayebeba kopo la rangi nyekundu la kampuni. Alivua viatu, akamwinamia mjane, akakaa karibu na nguzo ya bashi, simu mkononi. Mimi nilikuwa chumbani na mashine. Taa ya diski, ambayo siku nzima ilikuwa ikipepesa kivivu, ikaanza kupepesa bila kupumua. Picha tu haziifanyi hivyo. Nikawasha skrini.

Video ilikuwa kwenye folda ya wazi. Simu mbili zilikuwa zikiivuta: ya Annie, na moja iliyojiita Stany.

Nikamwita Annie, ambaye huniita yaya, yaani kaka.

"Nani aliitosha mu folda ya siri?"

"Ni mi njo niliiweka, yaya Kanku. Bakubwa banauliza, mutoto wetu alikufaka na nini? Mbele ya kumuzika banapashwa kujua. Nitabajibu na mudomo mutupu?"

Hakuwa na kosa. Kwetu maiti haizikwi kabla ukoo haujaambiwa kifo kilikotoka. Nikashika waya wa ruta ili niukate, nikauachia. Nikiukata, Stany ameshaona jina la faili. Watakuja, wataichukua mashine, na itakuwa sanduku la baba yangu tena.

Nikaenda nikachuchumaa kwenye mkeka wa Charlotte. Kwa desturi mjane haongei kilioni. Nilimnong'oneza hata hivyo.

"Mama, Stany iko anaivuta."

Hakuinua kichwa. "Anaiona peke yake?"

"Peke yake, na Annie."

"Basi asiione peke yake."

Akasimama. Mzee Badibanga, baba mkubwa wa Lukusa, akaruka kama amekanyaga moto. "Mufiwa hasimamake! Ikaa chini, mama!"

"Nitaikaa nikimaliza, tata. Muliuliza Lukusa alikufa na nini. Iko mu mashini, mi njo nilipiga. Kila mutu atoshe simu, achukue."

Numbi, chef wetu wa avenue, kiongozi wa mtaa aliyewekwa na serikali, akaizamisha simu yake mfukoni. "Mi niko mutu wa Leta," akasema, "musiniingize mu bile bitu." Lakini simu nyingine zikatoka, kwenye makoti, ndani ya vitenge, na ruta ile ndogo ikaelemewa. Video ikawa inatambaa kwa kila mtu.

Stany akacheka, akainua simu yake iliyokuwa imekwama. "Kanku, réseau yako imechoka."

"Ni kilio, Stany. Kila mutu anangojea zamu yake."

Hakungoja. Alivaa viatu, akatoka akiongea kwenye simu. Tulimpakia Charlotte kwenye pikipiki kuelekea mji wa Kasaji, mbali na walinzi, na kitambaa cha mjane kichwani. Hakumwona mumewe akishushwa kaburini. Jeep ya walinzi ilipofika, wali wa wageni ulikuwa bado jikoni. Wakabeba mashine, ruta, betri, hata rallonge, waya wa kurefushia umeme.

Siku zilizofuata nilipita nyumba kwa nyumba. "Uko nayo?" "Kitu gani, tata?" Walikuwa wameifuta. Mmoja aliitupa simu yenyewe chooni. Annie walimnyang'anya yake langoni. Sikuwatukana, mimi pia nilikuwa nalala na viatu. Nikaunganisha kompyuta nyingine, nikangoja. Hakuna aliyekuja.

Jana mchana Numbi akaingia na mfuko wa unga begani.

"Funga mulango. Pikipiki ya kampuni imesimama pa kona tangu asubuhi."

Akazamisha mkono ndani ya unga, akatoa simu yake ile ya kwenye kilio, imefungwa plastiki.

"Chef! Si ulisema wewe ni mutu wa Leta?"

"Mutu wa Leta hana macho? Ilikuwa inaivuta mu koti langu. Weka mbio. Na muke wangu asijue, yule ataniua mbele bale ba kampuni bafike."

Niliiunganisha. Mstari wa kunakili ukaanza kwenda, polepole. Numbi, kwa vidole vyeupe vya unga, akagusa kioo cha simu kwa bahati mbaya, na sauti ya Charlotte ikajaa chumba: "Lukusa, toka! Toka!"

Akaiziba simu kwa tumbo lake. Nje, pikipiki ikawaka, ikasogea, ikazimika mbele ya mlango.

Nilimwonyesha Numbi dirisha la nyuma, atorokee hapo. Alilitazama, akakaa juu ya mfuko wake.

"Mustari umefika wapi?" akauliza.