Shahidi Aliyempa Mgongo

Tusekile alizaliwa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, akaolewa Mbeya, akazaa na kulea hapo hapo. Sasa mama yake alikuwa mahututi Blantyre, mvua zimekata barabara, na kaka yake amemkatia tiketi ya ndege ya kesho asubuhi. Kilichobaki ni cheti cha ukaazi. Bila hicho angeondoka, lakini asingeruhusiwa kurudi kwa wanawe.

Karani Ambrosi wa ofisi ya uhamiaji, Mhehe wa Mlandege kule Iringa, alikuwa mtu wa haki, ila kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

"Mumeo yuko safarini. Basi baba mkwe wako aje akutazame usoni, aseme ndiye."

Foleni nzima ikaguna. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ukristo ulifuta mengi; hili lilikataa katakata. Miaka yote hiyo, baba mkwe wake, mzee Yotamu, akikohoa njiani, Tusekile alikimbilia migombani. Mzee hakuujua uso wake hata kidogo.

Hata hivyo Yotamu aliitwa, akaja, akagoma kuvuka kizingiti. Tusekile akajifunika kanga na kulia bila kuona haya. Mama angemfia huku yeye anasubiri muhuri!

"Bwana karani!" Sauti iliingia dirishani. Mzee alisimama nje, amelipa dirisha mgongo. "Uso siujui, na sitaujua. Lakini mkamwana wangu huimba akitwanga mahindi kila alfajiri. Waimbishe wanawake wote waliomo humo, nami nitakuonyesha wangu."

Ambrosi akacheka. "Haya, tuone. Njia ya mwongo ni fupi."

Akaimba wa kwanza. "Siye." Wa pili alikuwa na sauti tamu ya kwaya. "Anajua kuimba huyo, lakini si wetu."

Tusekile akafungua kinywa. Sauti ilitoka imekwaruza kwa kilio, na ubeti haukufika nusu.

"Huyo! Huyo ndiye binti yangu! Mwambieni asilie, yuko kwao!"

Vigelegele vikalipuka. Ambrosi mwenyewe alisahau ukarani, akapiga makofi, kisha akagonga muhuri kwa nguvu zote.

Asubuhi, ndege ilipoanza kukimbia uwanjani, Tusekile alichungulia nje. Mzee mmoja alisimama peke yake, ameipa ndege mgongo, kofia kaiinua juu kabisa, anaipunga. Adabu ilimtaka Tusekile afumbe macho. Akayafumba; kisha, Mungu amsamehe, akafumbua moja.