Kijiti Nilichokiweka Chini

Sijatulia mpaka leo. Nimelea watoto saba na wajukuu kumi na wanne, na watu husema nina subira. Kwa jambo la Mogaka subira yangu iliishia pale pale Nyansiongo na haijarudi.

Tulikuwa wanawake wanne wa Gesima: mimi, Eucabeth, Nyanchoka na Bitutu. Daktari alimwambia Eucabeth atembee kila siku kwa ajili ya sukari, naye akaogopa kuchekwa peke yake, basi tukamsindikiza. Kutembea kukawa kukimbia. Miezi minane, kila asubuhi tukishamaliza kukama, tulipanda kile kilima cha majani chai na sketi zetu na raba za mtumba. Vijana wa boda boda wanatuita kama mama wazee, "Mong'ina, mwizi amepita wapi?" Eucabeth anawajibu, "Ni wewe tunafuata!"

Aliyekuwa akitupimia saa ni Ombui, mume wa binti yangu Phanice. Alikimbia mbele, mimi nyuma kabisa, nafasi kubwa katikati. Mimi na mkwe wangu hatushikani mikono. Hanipi kitu mkononi, wala mimi simpi. Akiniletea sukari huiweka kwenye kiti, akisogea ndiyo naichukua. Hizo ndizo chinsoni, heshima yetu na wakwe zetu, na nimezishika tangu binti yangu aolewe.

Basi zikatangazwa mbio za kupokezana kijiti, kutoka Gesima mpaka Nyansiongo, siku ya Jumapili. Kikundi ni watu wanne, kila mtu kilomita tano. Vikundi vitatu vya kwanza vitaenda kwa mbio kubwa za Kisii mjini. Kisii! Eucabeth alianza kushona sketi mpya. Huyo mama hajawahi kuchaguliwa kwa kitu chochote maisha yake yote. Hata kwaya walimwambia sauti yake ni ya kuita ng'ombe.

Siku mbili kabla ya mbio, Bitutu akateleza kwenye matope, kifundo cha mguu kikavimba. Ombui akakubali kuingia mahali pake. Sasa Bitutu alikuwa ameandikwa wa nne, na mimi wa tatu. Maana yake ni mimi nitakayempa Ombui kijiti.

Asubuhi ya mbio nilimwendea Mogaka, mwamuzi mkuu. Si mgeni huyo. Ni mtu wa Ekerenyo na ameoa pale pale Nyansiongo.

"Mwanangu," nikamwambia, "tubadilishie nafasi. Huyo wetu wa nne ni mkwe wangu."

"Mong'ina, majina yameshaandikwa."

"Si ufute? Niandike wa kwanza."

"Siwezi kuchafua karatasi."

"Sasa nitampa kijiti namna gani?"

Akacheka. "Mtajuana wenyewe huko barabarani."

Haya. Tukajuana wenyewe. Nyanchoka alianza, akampa Eucabeth, na Eucabeth akakimbia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Nilipokea kijiti tukiwa wa nne. Kilimani nikampita msichana mmoja wa raba mpya, halafu mwingine aliyeshika kiuno. Tukawa wa pili. Kwenye mstari nikamkuta Ombui ameangalia pembeni, kama inavyofaa. Nikainama, magoti yakilia, nikaweka kijiti kwenye lami, nikarudi nyuma hatua mbili. Akakiokota akaenda. Hakikuanguka. Nilikilaza chini polepole kama mtoto aliyelala.

Ombui alimaliza wa pili. Pikapu ya kukusanya wakimbiaji ilipotufikisha uwanjani Eucabeth alimkumbatia kila mtu, mpaka askari. Halafu kipaza sauti kikasema, "Kikundi cha Gesima kimetolewa. Waliangusha kijiti."

Nilienda mpaka kwa meza yake. Sikutembea kama nyanya wa mtu.

"Nani aliangusha?"

"Mong'ina, sheria ni mkono kwa mkono."

"Nilikwambia asubuhi au sikukwambia?"

"Sheria haijui mambo ya nyumbani."

"Na wewe unajua?"

Akainamia karatasi zake. Mama wa mke wake, Kemuma, alikuwa amekaa hatua kumi kutoka hapo na karai lake la ndizi. Alisikia yote. Akasimama, akafunga leso vizuri, akachukua kijiti kutoka kwa Ombui, akanyoosha mkono kuelekea kwa Mogaka.

"Baba, shika," akasema. "Mkono kwa mkono."

Mogaka alirudi nyuma. Kemuma akasonga hatua moja. Mogaka akarudi tena, akagonga kiti, karatasi zake zikamwagika kwenye matope. Watu walicheka uwanja mzima. Kemuma hakucheka. Alijua hatashika, nami nilijua, na Mogaka mwenyewe alijua kuliko sisi sote.

Unafikiri alibadilisha? Alijificha nyuma ya hema na kipaza sauti, akasema, "Matokeo ni yale yale."

Eucabeth akatoa namba kifuani, akaikunja, akaiingiza mfukoni. "Kumbe ni mimi tena," akasema. Hayo tu. Pikapu ilitaka kuturudisha, tukaikataa. Tulikimbia mpaka Gesima na kile kijiti, tukipokezana. Kila nilipofika kwa Ombui nilikiweka chini, akaokota, na magari yakatungoja.

Mbio za Kisii zilikuwa Jumapili iliyopita. Eucabeth alishinda jikoni akichambua mboga na hakutaka redio iwashwe. Jumatatu alikuja kilimani kama kawaida, lakini wale vijana walipomtania hakuwajibu. Hilo ndilo simsamehei Mogaka.

Kijiti kiko kwangu, juu ya kabati. Ametuma watu mara mbili wakiulizie. Nimewaambia aje mwenyewe. Yeye si mkwe wangu, nitampa mkononi.