Alama za Waya

Redio ilisema mauaji yamepungua hapa Johannesburg robo hii ya mwaka. Ruphin, Mkongomani anayelinda duka la magodoro karibu na meza yangu ya mapazia Jules Street, alicheka peke yake, kisha akaniuliza kama na mimi nimeona yamepungua. Nikamwambia mimi hesabu zangu ni za sanda. Mwaka jana wote nilikata sanda kumi na moja katika msikiti wetu wa Malvern. Mwaka huu haujafika nusu na nimeshakata tisa, sita kati yake za watu waliopigwa risasi. Nimechoka. Sisemi hivyo ili nionewe huruma, nasema kwa sababu mgongo wangu hauwezi tena kumgeuza maiti bila msaada.

Mimi ni Khatibu, wa Tanga. Nimewaosha maiti wa kiume hapa kwa miaka kumi na tisa, katika gereji iliyo nyuma ya msikiti. Kazi hii haina mshahara ila ina masharti, na sharti la kwanza alilonifundisha marehemu babu ni kufunga mdomo. Aibu ya maiti aijua mwosha. Ukiona kidonda, ukiona tatuu ambayo mama mtu haijui, unamwaga maji, unafunika, unakwenda nayo kaburini. Sharti hilo nimelishika kuliko mengi niliyofundishwa, na ndilo lililoniponza.

Maiti wa kwanza mwenye alama aliletwa Oktoba, muuza simu. Risasi ilikuwa mpya, kifuani. Lakini kwenye vifundo vya mikono yake palikuwa na mikato myembamba iliyozunguka kotekote, ya waya, nayo ilikuwa imeshaanza kupona. Nikanyamaza. Wa pili alikuja Desemba, vilevile. Wa tatu alikuwa Selemani, Februari, mwenye spaza, kijiduka cha mtaani, pale kona. Nilipomwagia maji mikono yake nilielewa. Hawa watu hawakuvamiwa njiani kama ilivyosemwa. Walifungwa kwanza, wakaachwa, wakapewa siku za kufikiri, halafu wakarudiwa. Nilielewa, nikafunika. Zubeda, mkewe, aliponiuliza mumewe alikuwaje, nilimjibu kwamba uso wake ulikuwa umetulia. Alinishukuru sana.

Mwezi uliofuata Zubeda alirudi Dar es Salaam na watoto, na duka akamwachia Ishaka, mtoto wa dada yangu. Ishaka akaja kuniomba nimsomee dua ya kufungua. Nilikaa juu ya gunia la mchele la Selemani, ubani ukifuka, nikamwombea kheri na baraka, na zile alama za mumewe Zubeda sikuzitaja. Nikajiambia siri ya maiti ni siri ya maiti. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu ya dini.

Ijumaa iliyopita baridi ya Juni ilikuwa imekaza. Tulikuwa tunatawadha kabla ya sala, mimi na Ishaka kwenye mabomba mawili yanayopakana. Alikuwa amevaa sweta nene, na ilipofika zamu ya mikono akasita. Akaikunja haraka huku amegeukia ukuta, lakini mimi miaka yote hii naangalia mikono ya watu. Alama ilikuwa pande zote mbili, bado ina vigaga.

Nilifunga bomba nikamvuta hadi gereji, tukasimama kando ya meza ya kuoshea.

"Ishaka," nikamwambia, "alama hii nimeiosha mara tatu."

Aliitazama meza, akaitazama mikono yake. Kisha akanieleza kwa sauti ndogo. Walikuja wanne wakati anafunga duka, wakadai ada ya ulinzi ya kila mwezi. Alipokataa walimfunga kwa waya kwenye friji, wakamwambia asipolipa watarudi mara moja tu, na bunduki. Hakumwambia mtu. Aliona aibu, mwanamume mzima kufungwa kama mbuzi ndani ya duka lake. Nilimwambia wale watatu bila shaka nao waliona aibu hiyohiyo, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Akashika ukingo wa meza.

"Mjomba, Selemani naye alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Na ukanisomea dua."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alishusha mikono ya sweta akatoka, na siku ile hakuswali nasi.

Mimi nilimwendea imamu wetu, Mansour, nikamweleza yote. Aliniambia, taratibu kama anayemweleza mtoto, kwamba tulichoamriwa kufunika ni aibu ya aliyekufa, si hatari ya aliye hai. Umri huu wote, na jambo jepesi kama hilo nilikuwa silijui. Baada ya sala nikasimama mbele ya watu, nikasema nilichokiona bila kutaja majina. Nikasema mwenye alama ya waya aje kwangu angali anatembea.

Watu wakainamia mikeka. Halafu muuza mitumba mmoja wa safu ya pili akaanza kukunja mkono wa kanzu, polepole. Nyuma yake akafuata mwingine. Walifika watano. Jumatatu walikwenda polisi kwa pamoja, na mwanasheria, wakaandikisha kesi zao tano ambazo hazikuwahi kuandikwa popote. Ruphin anasema sasa robo ijayo redio itatangaza kwamba uhalifu Malvern umepanda. Itangaze tu.

Ishaka hakuwa kati ya hao watano. Alifunga duka siku ileile ya Ijumaa akapanda basi la Polokwane, kwa rafiki yake. Nimempigia mara nne, hapokei.

Jana dada yangu alipiga simu kutoka Tanga. Alikuwa analia, ananishukuru kwa kumwokolea mwanawe. Alisema Ishaka amemsimulia kila kitu, jinsi mjomba alivyoziona alama bombani na kumtoa kwenye kifo, na kwamba nisipopata pepo mimi nani ataipata. Nilisubiri aitaje dua. Hakuitaja, wala gunia la Selemani, wala ubani.

Basi nikajua Ishaka hakumwambia. Aliiona aibu yangu akaifunika, na mimi bado mzima.