Barafu ya Mwaka Ule

Philip, mchimba visima, alipofika kwenye barafu alipanda juu kwanza, akanawa mikono, akanywa chai. Ndipo akamwambia mwenye boma, Elkanah, kwamba sururu imegota.

"Si mwamba," alisema. "Ni barafu. Naweza kuendelea, lakini kama ni maji, usinilaumu."

Elkanah alichungulia. Chini kabisa palikuwa na weupe uliopauka kuwa samawati, na baridi yake ikamfikia usoni. Alikasirika, kwa maana alikuwa amemwahidi mkewe, Awinja, kwamba Krismasi haitampata akibeba mtungi kutoka mtoni. Majirani wa pale Khwisero walikuja wakatazama, wakasema mvua ya mawe hunyesha karibu kila alasiri tangu enzi za mababu, na ilikuwa lazima iende mahali.

Philip aliteremsha bomba la chuma lenye meno, akalizungusha, akatoa magogo ya barafu yenye urefu wa mkono. Yalifanana na muwa. Yalikuwa na pingili, na kila pingili ilikuwa mvua ya mwaka mmoja, ya karibuni juu na ya zamani chini. Rachael muuza samaki alikuja na karai lake siku hiyo hiyo. Elkanah, ambaye ni mtu mwangalifu, alimpigia simu binti wa marehemu kaka yake kuuliza kama barafu hiyo inafaa kutiwa kwenye soda za mazishi.

Binti huyo aliitwa Gentrix. Alikuwa amesomea kemia katika chuo cha Sigalagala, na alifanya kazi katika maabara ndogo ya kupima maji mjini Kakamega. Alimwambia baba yake mdogo asimpe mtu barafu ile kabla hajafika. Kisha akakaa na simu mkononi, akifikiria pingili moja tu.

Mwaka 2013 watoto wanne wa boma lile na la jirani walikufa. Walianza kwa maumivu ya tumbo, wakakonda, wakapata degedege. Mama yake Gentrix, Naliaka, alikuwa mjane aliyeolewa pale kutoka upande wa Bungoma, na alikuwa akiuza uji penye lango la shule. Wote wanne walikuwa wateja wake. Mmoja wao alikuwa Griffin, mtoto wake mwenyewe wa kumzaa. Watu walilijadili jambo hilo, wakakubaliana kwamba alianza na wake ili asishukiwe. Alifukuzwa mchana, mbele ya shule, sufuria ya uji ikiwa bado motoni. Tangu hapo alipanga chumba Shieywe, mjini Kakamega. Kila mtu anayemtembelea kutoka nyumbani, na hawakuwa wengi, alimuuliza kama kaburi la Griffin limepaliliwa. Alitaka jambo moja tu duniani: kurudi, na siku yake ikifika, azikwe kando ya mtoto wake.

Gentrix alibeba magogo hadi maabara katika masanduku ya kuhifadhia chanjo. Aliparua ngozi ya nje iliyoguswa na bomba la Philip, akabakisha kiini. Kuijua miaka haikuwa kazi. Pingili yenye mstari mweusi wa majivu ilikuwa mwanzo wa 2008, nyumba zilipochomwa baada ya uchaguzi. Kutoka pale mtu anahesabu kwenda juu. Aliyeyusha kila mwaka peke yake ndani ya chupa zilizooshwa kwa asidi, akayapitisha maji kwenye mashine inayoyapuliza motoni na kusoma mwanga uliomezwa.

Barafu ya namna hii ina mapovu ya hewa ndani, na yanapopasuka hutoa kilichokuwa hewani mwaka huo. Mwaka 2011 ulitoa kwaya ya kanisa na mbuzi. Mwaka 2013 ulitoa kelele nyingi hivi kwamba mwenzake, Cheptoo, alifunga mlango, kwa sababu ofisi ya pili walikuwa na mkutano.

"Gentrix, umeficha kiatu changu," alisema Griffin ndani ya chupa.

Gentrix aliandika namba kwanza. Kisha akakaa sakafuni.

Namba zilisema hivi. Madini ya risasi, yale yanayokaa ndani ya betri ya gari, yalikuwepo kidogo zamani, wakati petroli ilipokuwa imechanganywa nayo, yakashuka petroli ilipobadilishwa. Mwaka 2012 yalipanda ghafla. Mwaka 2013 yalikuwa mara arobaini ya yale ya 2011. Na mwaka 2012 ndio mwaka lilipofunguliwa tanuri la kuyeyusha betri kuukuu, pale njia panda, upande upepo unakotoka.

"Utamrudisha mama yako," Cheptoo alisema akitazama skrini.

"Jumamosi," Gentrix alijibu. "Jumamosi hii."

Kikao cha ukoo kilikaa chini ya turubai lililobaki kutoka mazishi ya wiki iliyotangulia. Mzee Shitanda, mkubwa wa ukoo, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wale wanne, aliketi mbele. Gentrix aliweka kipande kilichobaki cha pingili ya 2013 ndani ya beseni, juani, ili watu waione, akaeleza polepole kwa maneno ambayo hata watoto waliyaelewa.

"Kwa hivyo sumu ilikuwepo," Mzee Shitanda alisema.

"Ilikuwepo, kuka," Gentrix alijibu, kama mjukuu anavyomwita babu.

"Mwaka ule ule."

"Mwaka ule ule."

Mzee aliwageukia watu. "Mmesikia? Watu wa hospitali walitwambianga ni malaria. Sisi tulisema ni sumu, tukaitwa washamba. Leo mtoto wetu, na masomo yake yote, amethibitisha."

Watu walipiga makofi. Elvis, mwana wa mzee huyo, aliyetoka zamu ya tanurini na vumbi la kijivu nyusini, alipiga kwa nguvu kuliko wote. Gentrix alichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akishangiliwa yeye.

"Ngojeni," alisema. "Sumu si ya mama. Ni ya tanuri. Tazameni, mama aliondoka mwaka ule, lakini risasi haikuondoka. Imepanda kila mwaka. Ya mwaka jana imepita hata ya mwaka ule."

Awinja, mke wa Elkanah, aliyemzika binti yake Mitchel mwaka ule, ndiye aliyejibu.

"Kumbe hajaacha."

"Nani, mama mdogo?"

"Mama yako. Kumbe anatutumianga mpaka leo, kutoka huko Shieywe."

"Mama mdogo, tanuri liko pale. Moshi unauona."

"Nauona. Sasa tanuri inachukiaje mtoto wangu? Hata hainijui."

Hakukuwa na mtu aliyecheka. Watu walilipima neno hilo wakaona lina uzito. Ndipo barafu katika beseni ikaanza kupasuka. Kwanza ilitoa kikohozi, kisha kengele ya shule, kisha sauti ya msichana mdogo.

"Mama Gentrix, niongeze uji. Yangu ni kidogo."

Awinja aliitambua sauti ya Mitchel. Alipiga magoti kando ya beseni akasubiri zaidi, lakini kilichofuata kilikuwa upepo tu.

"Watoto wenyewe wamemtaja," alisema Mzee Shitanda, akafuta macho kwa kofia yake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Gentrix alisema mengine. Alisema mtoto anayeomba nyongeza hamshtaki anayemgawia. Alisema juu ya Griffin. Walimsikiliza kwa heshima, kwa kuwa ndiye aliyewaletea ukweli, kisha mama mmoja akamshikisha sahani ya wali.

Majuma mawili baadaye wageni watatu walibisha mlango wa Naliaka kule Shieywe: Elkanah, Awinja, na Mzee Shitanda akiwa na ingokho hai kwapani, kama inavyotakiwa mtu anapokwenda kumwomba mtu. Naliaka hakuwa amepokea mtu wa ukoo tangu afukuzwe. Alipanguza viti ambavyo havikuwa na vumbi. Alichinja kuku yule yule, akasonga obusuma, akawakaribisha huku akiuliza habari za mimea, za wagonjwa, za kaburi.

"Tumelipalilia," Awinja alisema. Na ilikuwa kweli.

Walipokwisha kunawa, Mzee Shitanda alikohoa. "Mama Gentrix, hatukuja na vita. Nyumba yako bado iko, paa tu ndiyo imebonyea, na tutaitengeneza. Tunataka urudi. Lakini ile kitu uitoe kwanza. Binti yako atakuwa anapima. Barafu ikitoka safi, tutakuja kukuchukua sisi wenyewe, na wimbo."

"Mama, usijibu," alisema Gentrix, aliyekuwa ameketi kando ya mama yake.

"Nyamaza, wageni wako hapa." Naliaka alimtazama mzee. "Nikiitoa, mtanizika kando ya Griffin?"

"Hapo hapo. Kando kando."

"Basi nitaitoa."

Awinja alimshika mkono, na wote wawili walilia kidogo, kama wanawake waliozaa mwaka mmoja. Waliagana vizuri. Gentrix alisubiri hadi hatua zao zikapotea barabarani.

"Utatoa nini, mama?"

"Sijui," alisema Naliaka, akikusanya mifupa. "Lakini wameomba vizuri."

Gentrix aliandikia ofisi zinazohusika na mazingira, kwanza moja, kisha ile iliyo juu yake. Waliomjibu walisema barafu haimo katika orodha ya vitu vinavyopimwa Kakamega. Tanuri liliongeza dohani ya pili, na vijana wengi zaidi wakapata kazi. Barafu ilizoeleka. Rachael aliacha kutupa samaki. Wafiwa walikuja hata kutoka Mumias kuchukua magogo ya kuwahifadhia maiti wao, na Elkanah aliwashauri wachague miaka ya zamani, kwa sababu ile ilikuwa na nyimbo nzuri. Watoto walipenda kunyonya vipande vya mwaka huu. Gentrix aliwanyang'anya kila alipowakuta, wakakimbilia nyuma ya nyumba na vingine.

Msimu mwingine wa mvua ulipopita, Philip alimtolea pingili mpya. Ilikuwa ya kijivu hata kabla ya mashine. Usiku kucha Gentrix alikuwa ameliwaza jambo moja: angeweza kusema imetoka safi. Neno moja, na wangekuja na wimbo, na mama yake angelala katika nyumba yake mwenyewe, na asubuhi angefungua dirisha linalotazama njia panda akavuta pumzi. Alipofika hapo katika mawazo yake, kila mara, alisimama.

Alimkuta Naliaka mezani Shieywe, na chakula kimepakuliwa. Mama alikuwa amekonda. Siku hizi alifunga kula Jumatano na Ijumaa, na jioni aliketi akielekea upande wa Khwisero, viganja vimefunguliwa juu ya magoti, akivuta kitu asichokijua kije kwake.

"Imepungua?" aliuliza.

"Imepanda, mama."

Naliaka alitikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyerudishiwa mtihani.

"Basi bado sijajitahidi," alisema, akaisukuma sahani yake mwenyewe kwa binti yake. Ilikuwa Jumatatu.