Wabebaji wa Kitindamimba

Mdogo wangu alituahidi kwamba siku akifa atabebwa mabegani na wenzake wa uwanja wa mpira. Alimwambia mama hivyo kwa simu, huku anacheka, na mama akamfokea aache kujitabiria mabaya.

"Nakutoa wasiwasi tu, mama. Huku nina ndugu. Kila Jumamosi tunakaa pamoja, bega kwa bega."

Basi alipokufa kweli, usingizini, kwenye chumba chake cha kupanga katika nchi ya watu, mama hakuniuliza kafa kwa nini. Aliniuliza kama hao ndugu watambeba. Mwili haukuweza kurudishwa nyumbani. Wakubwa wa kule walikwisha kupanga azikwe hukohuko, Jumapili asubuhi. Nikatumwa mimi, kaka mtu.

"Nenda kawaambie wenzake," mama alisema. "Kitindamimba wangu asisukumwe kama gunia. Abebwe."

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko karibu na bandari, kwa hiyo lugha ya kule niliijua kiasi: ya kuuliza nipunguze au nitoe zote, na ya kusikiliza uongo wa mabaharia. Jumamosi asubuhi nilimnyoa mdogo wangu kwenye chumba cha maiti. Nywele zake nimezikata tangu hajaanza shule. Nakijua kile kichwa, kovu la juu ya sikio alipoporomoka kwenye ngazi, na kisogo bapa tulichokuwa tukimtania kwamba mama alimlaza juu ya kibao cha chapati. Nilimaliza kazi, nikapangusa mashine, nikalia mpaka mhudumu akaniletea kiti.

Kutoka hapo nikaenda chumbani kwake. Mwenye nyumba alinikabidhi kadi yake ya uwanjani, skafu, koti zito na kofia nyekundu ya sufu. Nje baridi ilikuwa inakata masikio, na mimi nilikuja na koti langu la harusi, jepesi kama shati. Nikavaa vyake vyote. Hapo ndipo nilipoharibu.

Niseme wazi kwamba mimi na marehemu tulinyonya ziwa moja, lakini kufanana hatukufanana hata kwa dawa. Yeye mrefu, mwembamba, kidevu kitupu kama cha binti. Mimi mfupi, nina kitambi, na ndevu zangu zimeshaanza mvi.

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, jukwaa moja tu lenye paa la mabati, ngazi zake zina utelezi wa mvua. Nilihesabu viti mpaka nikakipata cha mdogo wangu. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu: samahanini, mimi ni kaka wa yule aliyekuwa akikaa hapa. Hata kinywa sijafungua, jitu la kiti cha kushoto likanipiga kofi la mgongo.

"Kofia! Ulipotelea wapi wewe? Tumefungwa mara mbili bila wewe!"

Nilijua ananitania. Nilingoja acheke. Hakucheka, alisogeza begi lake la spana, maana alikuwa fundi bomba na alitoka kazini moja kwa moja, akanipisha nikae.

"Na ndevu umefuga," akasema. "Zinakufaa."

Upande wa kulia alikaa bibi mmoja mwenye chupa ya chai mapajani. Yeye alinitazama vizuri, usoni kabisa, nikapata matumaini.

"Umenenepa," akasema. "Nimefurahi. Ulikuwa umekonda mno."

Akanimiminia chai bila kuniuliza. Ilikuwa sukari tupu. Mimi chai nanywa bila sukari. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiweka sukari mpaka kijiko kisimame. Hilo walilijua. Walijua anakunywaje chai, walijua anakaa wapi, na sura yake hawakuijua.

Damu ilinichemka. Nilitaka kuivua ile kofia niitupe uwanjani. Kila Jumamosi mdogo wangu alitutumia picha, na sasa nikakumbuka kwamba zote zilikuwa za majani ya uwanja na goti lake lenye skafu. Mtu pembeni yake hatukuwahi kumwona. Mama alikuwa akiwaonyesha majirani zile picha na kusema, mnaona, ana watu.

Lakini sikuja kugombana. Nilikuja kutafuta mabega. Wakati wa mapumziko nikapiga moyo konde, nikavua kofia.

"Mimi siye," nikasema. "Mimi ni kaka yake. Yeye amefariki. Tunamzika kesho."

Fundi bomba alinitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuutazama uso uliokuwa chini ya ile kofia, wangu au wa mwenye nayo. Akaona haya mpaka shingo ikamwiva. Bibi aliufunga mfuniko wa chupa, akaufungua, akaufunga tena.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Nikawatajia jina. Walijaribu kulitamka, likawashinda, wakajaribu tena. Nikawaeleza makaburi yalipo na anachotaka mama. Watu wanne tu, hatua chache kutoka getini mpaka kaburini, mabegani.

"Wanne?" fundi bomba akasema, na macho yamemlowa. "Safu nzima itakuja. Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne. Neno langu."

Nikamshika mkono. Nilimwamini. Kwa kuwa masikio yalikuwa yanaganda, nikairudisha kofia kichwani, mechi ikaendelea. Mwishoni kabisa, watu wameshaanza kukata tamaa, kijana wao mmoja akapiga mpira wa kubahatisha ukaingia wavuni. Jukwaa lilipasuka. Fundi bomba akaninyanyua kutoka chini na kitambi changu chote, bibi ananibusu shavu, na mimi, Mungu anisamehe, mimi niliyetoka kumnyoa maiti asubuhi ileile, nilikuwa napiga kelele na kucheka kama wao.

Wakaanza kushuka ngazi wakiimba. Fundi bomba aligeuka, akanipungia mkono.

"Tuonane Jumamosi, Kofia!"

Nilibaki nimekaa pale mpaka mfagiaji akaniambia niondoke.

Jumapili nilifika makaburini mapema. Saa nne ikafika, ikapita. Mwenye nyumba alituma salamu kwamba miguu imemvimba. Jeneza lililetwa kwa kigari cha magurudumu, kama mzigo wa hotelini, na waliokuwepo ni mimi na wachimba kaburi wawili. Niliwaomba tumbebe mabegani.

"Watatu hatuwezi," mmoja akanijibu, kwa upole kabisa. "Tutamwangusha."

Nikawaomba basi wasubiri kidogo. Wakasubiri, wameegemea majembe. Simu ikalia. Alikuwa mama.

"Mmeanza?"

"Bado, mama."

"Wamekuja?"

Nikatazama getini. Mama ana masikio ya paka.

"Mbona kimya hivyo? Siwasikii watu."

Nyuma yangu wale wachimba kaburi walikuwa wameanza kuzungumzia bao la jana. Mmoja alisema kijana alikuwa ameotea, mwenzake akasema wewe huna macho, na sauti zikapanda. Niliigeuza simu nikaielekeza kwao, mkono wote nimeunyoosha. Mama hajui hata neno moja la lugha ile. Alisikiliza muda mrefu.

"Haya, sasa nawasikia," akasema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Wanabishania nini?"

Nililitazama jeneza pale kwenye kigari, na kofia nyekundu niliyokuwa nimeiweka juu yake.

"Wanagombea kumbeba, mama."

"Waambie wasigombane," akasema mama. "Wapokezane. Mwepesi yule."