Miayo ya Kimya

...na huyu naye amekasirika au ana njaa, mie nitajuaje, picha tu hii, jino halionekani hata moja, na mwalimu wa semina, binti mdogo wa viatu vya kung'aa, ameishika mbele yangu anangoja, "Bibi, zamu yako, huyu anahisi nini?", mie mpishi jamani, miaka ishirini nawapikia mabinti waliofungwa humu, leo nimetolewa jikoni na aproni yangu nikae na askari tujifunze nyuso za watoto, maharage yangu sijui nani anayaangalia... nyuma yangu afande mkuu wa zamu, "Mpe yenye sufuria, hiyo ataisoma!", wanacheka wote, nami nacheka, lakini roho haijatulia, maana faili la yule binti tunayemwita Kimya liko mapajani kwa afande huyo, saa nane wakubwa wanakaa kuamua, aende kwao au aongezwe mwaka, na afande ameandika humo kuwa ana dharau, kaniambia mwenyewe asubuhi akinywa chai yangu, "Namgombeza, yeye ananipigia miayo, Bibi! Usoni kabisa!"... miayo... mbona mie nimeiona, mlango wa chuma ukibamizwa tu, miayo, siku mama yake hakuja kumwona, miayo mpaka machozi, na usingizi wala hana, picha ya miayo mbona haimo humu... binti yangu naye, siku tunamzika baba yake, watu wote wanatazama, akapiga miayo, mara tatu, nikamzaba kofi, huna haya, nikamwambia, umeshamchoka baba yako, miaka tisa alikuwa nayo, hakulia, alinitazama tu, na mikono, ee Mungu, mikono yake niliishika njiani tukirudi, baridi kabisa, na jua linawaka, nikasema kiburi, miaka thelathini hii nasema kiburi, kumbe mtoto alikuwa anaogopa, hewa haimtoshi, anaitafuta, nami nikampiga... "Bibi, sema tu, hakuna jibu baya," lipo mwanangu, mie nililitoa kwa kiganja hiki... afande atanishushua mbele za watu, mpishi tangu lini akamfundisha askari kazi, na kibarua kitaota nyasi, kiote... "Bibi, tunakusubiri," subirini, niacheni nipate pumzi, maana nikifungua mdomo huu simtaji huyu wa kwenye picha, namtaja Kimya, ila nikianza na kosa la afande ataona namuaibisha, hatasikia, bora nianze na lile kofi langu.