Alama ya Sikio la Kushoto

Mtu akikuambia mbuzi ni mnyama mjinga, mwulize amefuga wangapi. Mimi nilianza na jike mmoja tu, mweusi, mwenye vipuli viwili vya nyama vikining'inia shingoni. Marehemu mume wangu aliniachia huyo, na binti yetu Wachuka, na kibanda kwenye shamba la mzungu kule Kabazi. Huo ulikuwa mwaka wa arobaini na saba. Kufikia hamsini na mbili nilikuwa na mbuzi ishirini na tisa, na hakuna hata mmoja niliyepewa bure.

Watu walidhani nina dawa. Dawa gani! Banda langu lilikuwa la fito, limeinuliwa kutoka chini, kwa sababu mbuzi anayelala kwenye matope huoza kwato, na aliyeoza kwato hatembei kutafuta majani. Asubuhi sikuwafungulia mpaka umande ukauke, na majirani wakanicheka kwamba mbuzi wa Wariara huchelewa kuamka kama wake wa wazungu. Jike aliyezaa mmoja mara mbili mfululizo nilimwuza. Aliyezaa pacha nilimweka, na wanawe wa kike pia. Madume nikawahasi wangali wadogo, nikawalambisha magadi, na Desemba ikifika nikawaswaga kwa miguu siku mbili hadi Nakuru. Wachinjaji wa pale walikuwa wagumu kama mawe, lakini wakishapapasa mgongo wa mbuzi wangu waliacha kubishana.

Ubaya wa mali ni kwamba inaonekana. Mwenye shamba, ambaye sisi maskwota, vibarua tulioishi kwenye ardhi yake, tulimwita Kiberiti kwa jinsi alivyowaka haraka, alisimama siku moja mbele ya banda langu akahesabu kwa kidole. Akasema kila nyumba ibaki na mbuzi kumi, na watakaozidi atawafagia. Alikuwa na ng'ombe mia tatu, na nyasi zake zilifika kiunoni, ila mbuzi wangu kumi na tisa ndio waliomnyima usingizi.

Ndipo nikamwendea Kimutai. Alikuwa Mtugen, skwota kama mimi, lakini kwenye shamba jingine upande wa Solai, ambako mwenye shamba hakujali mbuzi. Tulifahamiana kwa sababu alinunua beberu kwangu, akaridhika naye. Desturi ya kuweka mbuzi kwa rafiki ilikuwa kwao na kwetu pia. Anayekutunzia hunywa maziwa, na kila mwaka hupata jike mmoja. Mbuzi wako akifa, hukuwekea ngozi yake ili uone sikio lenye alama yako ujue hakumwuza. Na vitoto vikizaliwa, unakuja mwenyewe kuvikata masikio. Mtunzaji haruhusiwi kugusa sikio la mbuzi asiye wake.

Nilipofika kwake na mbuzi wangu kumi na tisa na kisu changu, Kimutai alinitazama kwa huzuni kidogo.

"Mama Wachuka, alama ya nini? Mimi najua hizi mbuzi zako kwa sura. Wacha masikio yao."

"Mali bila daftari huisha bila habari, Baba Chelagat," nikamwambia.

Sikumwamini, nasema wazi. Nilikuwa mjane, na mjane akiamini kila mtu atalala njaa. Nikawakata wote pengo kubwa kwenye sikio la kushoto, pengo la kuonekana kutoka ng'ambo ya mto, alama ileile waliyokuwa nayo kumi waliobaki Kabazi. Majike kumi na wawili kati ya wale kumi na tisa walikuwa na mimba. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Kabla vitoto vile havijafika umri wa kukatwa, Hali ya Hatari ikatangazwa kwa sababu ya Wakikuyu walioingia msituni kupigana na serikali. Mwaka wa hamsini na tatu askari walikuja asubuhi na lori, wakatuambia Wakikuyu wote tupande. Nikauliza mbuzi je. Askari akacheka. Mbuzi kumi walikuwa bado wamefungiwa bandani, umande haujakauka, na lori lilipogeuka niliwasikia wakilia. Kiberiti alikuwa amesimama hapo akiwasha kiko chake. Namchukia mpaka leo, na sitaki mtu aniambie nisamehe.

Tulikaa majuma kadhaa nyuma ya seng'enge pale Nakuru, kisha tukapelekwa Nyeri, kwa watu wa mume wangu. Mimi nilizaliwa Bonde la Ufa. Nyeri nilikuwa mgeni mwenye jina la kwao. Tukatiwa kwenye kijiji cha Hali ya Hatari, tukachimba handaki kwa amri mwaka mzima, na kila nilipoinua jembe niliwahesabu mbuzi wangu wa Solai. Sasa wamezaa. Sasa wana wao wamezaa. Hesabu hiyo ndiyo iliyonishibisha siku ambazo chakula hakikunishibisha.

Baadaye ardhi ikaanza kupimwa, kila mtu aandikiwe kipande chake kwenye kitabu cha serikali. Ukoo ukakaa, ukasema mjane mwenye binti mmoja atakayeolewa hapewi ardhi. Walisema kwa upole sana, na upole huo ulinichoma kuliko matusi. Lakini Naftaly, shemeji yangu, aliniita kando akasema ataniuzia ekari moja chini ya shamba lake kwa mbuzi thelathini, au fedha ya mbuzi thelathini, mradi niilete kabla kitabu hakijafungwa mwisho wa mwaka.

Mbuzi thelathini! Karibu nimkumbatie. Nilikuwa nao.

Basi mwaka huohuo, wa hamsini na tisa, mashamba ya pareto yalipoanza kuwaita tena wachumaji, nilijiandikisha, mimi na Wachuka, tukarudishwa Kabazi kwenye kambi ya wafanyakazi. Si kwa Kiberiti, bali kwa jirani yake. Jumapili ya kwanza nikaenda Solai peke yangu.

Kimutai alikuwa amezeeka usoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na mkewe, Chepkemboi, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Kabla sijauliza lolote, Kimutai aliingia chini ya ghala, akachimbua kwa muda, akatoka na furushi la ngozi zilizokauka. Akazipanga chini moja moja. Zilikuwa kumi na tisa, na kila moja ilikuwa na sikio la kushoto lenye pengo.

"Ugonjwa wa mapafu," akasema. "Waliisha wote."

Nilizitazama nikiwa nimesimama. Kisha nikapiga magoti nikaigeuza moja, ile ya mweusi mwenye vipuli. Mfugaji anajua: mbuzi akifa mwenyewe, damu hubaki ndani, na ngozi yake upande wa nyama huwa na mishipa myeusi hata ikikauka. Ngozi ile ilikuwa nyeupe kama karatasi. Nikageuza ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa nyeupe.

"Hizi ni mbuzi za kuchinjwa, Baba Chelagat."

Chepkemboi ndiye aliyesema, "Mwambie ukweli. Huyu si mtoto."

"Polisi walikuwa wanapita kila boma," Kimutai akasema. "Walikuwa wanatafuta mali ya Wakikuyu. Mtu wakimpata nayo, wanasema analisha watu wa msitu, wanamshika. Walikuwa wanajua alama yako, Mama Wachuka. Waliona kwa zile mbuzi kumi za Kabazi. Wakaja wakiuliza nani ako na mbuzi ya sikio namna hii. Walifika boma ya jirani, kwangu ilikuwa kesho yake. Ningefanya nini? Tulichinja zote siku moja. Shamba nzima ilikula nyama na hakuna mtu aliuliza. Ngozi nilizika, kwa sababu ni zako."

Alikuwa ameniambia nisiwakate. Kisu kilikuwa changu, na mkono wangu.

"Na vitoto?" nikauliza. "Majike kumi na wawili walikuwa na mimba."

Hakuwa na haja ya kujibu, kwa sababu mbuzi wake walikuwa wanarudi kutoka kunywa maji. Walikuwa zaidi ya arobaini. Weusi, weusi, weusi, na vipuli vikicheza shingoni. Majike walifuatwa na pacha. Nilimwona yule jike wangu wa kwanza mara kumi. Na kila mmoja alikuwa amekatwa ncha ya sikio la kulia, alama ya Kimutai.

"Hawa ni wangu," nikasema.

"Hawakuwa na alama. Polisi waliuliza hizi ndogo ni za nani. Nikasema ni zangu."

"Ulisema uongo."

"Nilisema mara moja tu," akasema, bila ukali. "Kutoka siku hiyo ni zangu. Nimechunga miaka sita. Ukienda kwa wazee, watakuuliza sikio lako liko wapi."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, na kilipoisha nikaendelea kwa Kikikuyu, na yeye akasimama tu, kofia mkononi, akisikiliza yote. Ningependa kusema alikuwa mwizi, roho yangu ingepumzika. Lakini mwizi hafichi ngozi kumi na tisa chini ya ghala kwa miaka sita, wakati ngozi moja tu ingemtia jela.

Nilipokwisha, akaingia kundini akatoka na kitoto cha kike, cheusi, chenye vipuli, ambacho hakijakatwa sikio.

"Jike moja kwa mwaka," akasema. "Ni haki ya mtunzaji. Ile yangu ya mwaka wa kwanza, mbuzi zikiwa bado zako, sikuchukua, sasa nakupa wewe. Chukua."

Akatoa kisu ili nikate alama. Nikamwambia akirudishe kiunoni. Nilikwisha kuona kazi ya alama yangu.

Nilikibeba kile kitoto begani mpaka Kabazi. Kitabu cha Nyeri kingefungwa Desemba, na Naftaly alitaka thelathini. Nilikuwa na mmoja, kama mwaka wa arobaini na saba. Lakini jike huyu ni wa pacha, nikajiambia, na banda la fito najua kulijenga. Ardhi ya Nyeri imekwenda, ila huyu ni wangu.

Langoni mwa kambi nilimkuta Dalmas, nyapara wetu, ameketi juu ya gunia la pareto. Akaangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Mama, hii mbuzi ni ya nani? Unajua sheria. Ninyi mliorudishwa hamruhusiwi mifugo. Kama ni yako, naipeleka kwa bwana saa hii."

Kitoto kilikuwa kinanyonya kidole changu.

"Ni ya Kimutai wa Solai," nikasema. "Mimi namchungia tu."

"Mbona haina alama?"

"Atakuja kuikata mwenyewe."

Dalmas akasogea, nikapita. Nilikuwa nimesema mara moja tu, na ilitosha.